Mtambo wa Barafu Ukigoma Botini: Gesi Ije Mwisho

Kaskazi moja, nahodha wa boti ya wageni iliyotia nanga mbele ya Shela alinipigia simu alasiri. "Fundi, masalkheri. Ule mtambo wa barafu umekufa. Njoo na mtungi wa gesi." Badala ya kwenda na masikio, nikaenda na mtungi. Nilipofunga geji, presha ya upande wa moto ilikuwa juu mno. Hilo peke yake lingetosha kuniambia kuwa gesi haijapungua, lakini nilikwisha kuamini kabla sijapima. Nikatia gesi. Barafu hakuna. Nikatoa kidogo, nikatia tena, hadi magharibi ikaadhiniwa. Asubuhi yake baharia mdogo wao akaondoa majaketi ya kuokolea yaliyosukumizwa chini ya meza ya jikoni, na nyuma yake ndipo lilipokuwa tundu la hewa la mtambo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuitoa gesi yote na kurudisha ule uzani ulioandikwa kwenye kibandiko. Nahodha alinilipa nauli ya boti tu, na sikubisha.

Tangu siku hiyo nafuata mpangilio mmoja: umeme, joto, maji, kalibu, kisha gesi. Siku ya kwanza mtungi hubaki nyumbani. Mara nyingi hauitwi tena.

Una mtambo gani?

Boti zinazotembea baina ya Lamu, Manda na Kiwayu huwa na mitambo ya namna mbili, na dalili za mmoja si dalili za mwingine.

Wa kwanza ni kama friza ndogo. Ndani mna kalibu yenye vyumba kama nane vya umbo la mwezi mchanga. Maji huingia, huganda, hita iliyo chini ya kalibu huwaka kidogo ili barafu iachie, kisha vidole vinavyozungushwa na mota huisukuma ianguke kwenye ndoo. Pembeni kuna mkono wa waya: barafu ikijaa, mkono hubaki juu na mtambo husimama. Barafu yake huwa nyeupe katikati.

Wa pili hutoa barafu angavu kama kioo. Pampu humwaga maji mfululizo juu ya bamba la baridi, maji safi huganda kwanza na uchafu huenda na maji yanayobaki. Kasha lake si friza. Barafu huyeyuka polepole humo na kutengenezwa upya, na hiyo ndiyo kazi yake. Nimewahi kuitwa mpaka Kipungani kwa sababu "barafu inayeyuka ndani ya mashine", na mashine ilikuwa nzima kabisa. Huu wa pili lazima uwe na njia ya kutoa maji, kwa hiyo ukikuta maji yamesimama ndani, tazama mpira wa kutolea maji na pampu yake ndogo kabla ya kitu kingine chochote.

Mengi ya hapa chini ni ya mtambo wa kwanza, kwa sababu ndio ulioenea. Umeme na joto ni habari za yote miwili.

Umeme

Kabla hujafungua skrubu hata moja, chomoa plagi. Usiridhike na kuzima jenereta. Boti nyingi zina inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, inayoshika yenyewe jenereta ikizimwa, kwa hiyo umeme wa volti 230 unaweza kuwa umerudi huku wewe umepiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya chumvi. Chomoa, ishike plagi kwa macho yako, kisha anza.

Pima soketi kwa mita wakati kompresa, ile mota inayosukuma gesi, inajaribu kuwaka, siyo wakati imelala. Soketi inayosoma 235 ikiwa tupu na kushuka hadi 190 kompresa ikiamka inakuambia kuwa waya ni mwembamba, kiungo kimeota kutu ya kijani, au inveta ni ndogo. Kompresa ya wati 150 huhitaji mara kadhaa ya hizo kwa kitambo kidogo inapoanza. Inveta iliyoandikwa wati 300 huiona hiyo kama mzigo wa kuvunja mgongo na hujizima. Upande wa betri pia piga hesabu: wati 150 kwa volti 12 ni ampea 12.5, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta ni karibu 15. Waya wa taa haubebi hizo mita sita bila kupoteza volti. Na inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi huifanya mota ya mtambo ingurume na kupata moto.

Sasa jambo linalowasumbua wengi waliopokea boti kutoka ng'ambo. Mitambo mingi ya botini ni ya Marekani: volti 115, hezi 60. Umeme wa Kenya ni volti 240, hezi 50. Transfoma hushusha volti, lakini haigusi hezi. Mota ya hezi 60 ikilishwa hezi 50 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita. Tazama linalofuata: katika mitambo mingi ya kizamani, muda wa kufungua vali ya maji hupimwa na mota hiyohiyo. Kama vali iliwekwa ifunguke sekunde 7.5, sasa inafunguka sekunde 9. Maji yanazidi kwa moja ya tano, yanafurika ukingo wa kalibu, yanamwagikia ndoo na kugandisha barafu yote kuwa jiwe moja. Mwenye boti anasema vali imeharibika. Vali haina kosa. Pembeni mwa kalibu kuna skrubu ndogo ya kupunguza maji, igeuze nusu mzunguko na ungoje mizunguko miwili ya barafu kabla ya kuigusa tena.

Kompresa nayo hupata moto zaidi kwa hezi 50 ikiwa volti zimebaki 115. Soma kibandiko chake. Baadhi zimeandikwa volti 100 kwa hezi 50, na hizo hufurahia transfoma ya 100. Kama haikuandikwa chochote cha hezi 50, ni heri inveta inayotoa 115 kwa hezi 60, na mambo yaishe.

Ukisikia "tik", mngurumo wa sekunde chache, "tik" tena, kisha kimya cha dakika kadhaa, kompresa inashindwa kuanza na kinga yake inaikata. Izime, ngoja dakika tano kamili ili presha za pande mbili zisawazike, washa tena. Ikianza vizuri, basi kuna mtu au kitu kinachoizima na kuiwasha haraka, mara nyingi jenereta inayoyumba. Isipoanza, chomoa plagi, vua rile, swichi ndogo ya kuanzishia iliyobandikwa ubavuni mwa kompresa, na uitikise sikioni. Ikilia kama kibiriti chenye njiti, kigae chake kimepasuka. Rile mpya ni spea ndogo inayotoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe na kuvushwa na boti, na nimeona kompresa nzima ikitupwa kwa ajili yake.

Joto

Mtambo hautengenezi baridi. Unachukua joto lililo ndani na kulitupa nje, na joto lisipopata pa kwenda hurudi. Nyumbani Langoni au Mkomani friji hupata upepo wa dirishani. Botini huchongewa kabati la mbao, ukaachwa upenyo wa kidole, na ukuta wa pili ni chumba cha injini.

Tafuta kibandiko chenye herufi za hali ya hewa. N maana yake mtambo uliundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST ni hadi 38, na T ni hadi 43. Weka kipimajoto ndani ya kabati, ufunge, uwashe injini nusu saa. Ukikuta 45 na mtambo wako ni N, hapo hakuna fundi atakayekusaidia isipokuwa seremala: toboa matundu mawili, la chini la kuingiza hewa na la juu la kuitoa, na kama mtambo unapumulia mbele, usifunike ile grili kwa kanga wala mazulia.

Baada ya hapo safisha kondensa, yale mabomba yenye mapezi yanayotupa joto nje. Katika miezi ya Kaskazi hewa hubeba vumbi la mchanga na ukungu wa chumvi, na vikichanganyika na mafuta ya kukaangia samaki huwa ukoko kama gundi. Tumia brashi laini, kisha kitambaa chenye maji baridi kidogo. Usipulize hewa ya kompresa ya injini kwa nguvu, mapezi yale hukunjika kama karatasi. Feni izunguke bila kugusa. Tundu la mhimili likiwa na mchezo, feni itasimama siku wageni wamejaa.

Mpira wa mlango upime kwa noti ya shilingi mia. Ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka bila ubishi, hewa yenye unyevu inaingia hapo, na hewa ya pwani ina maji mengi. Utaona theluji nyingi upande mmoja tu wa ndani, na hiyo ndiyo saini yake.

Mwisho wa habari ya joto, weka kipimajoto ndani kwenye kikombe cha maji yenye chumvi kali usiku kucha, kwa maana hewa tupu hudanganya kila mlango ukifunguliwa. Themostati ya kalibu haitaruhusu barafu kuanguka mpaka kalibu ifike karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Friza ikiwa 5 chini ya sifuri, maji yataganda lakini barafu haitaanguka hata ungoje hadi Maulidi. Unataka 15 hadi 18 chini ya sifuri.

Maji

Hapa ndipo mitambo mingi ya Lamu inapoumwa.

Maji ya mji wa Lamu asili yake ni vile vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunyonya mvua na kuihifadhi chini. Ni maji mazuri kuliko ya visima vingi vya Manda. Watu wa Takwa, mji wa kale wa Manda uliobaki magofu, husemwa, walihama kwa sababu visima vyao viligeuka chumvi. Lakini hata maji mazuri yana chokaa, na tangi la boti lililojazwa mahali tofauti kila safari huchanganya kila kitu. Maji yenye chumvi kidogo huganda, ila barafu yake huwa laini, yenye ukungu, na hunata kwenye kalibu. Onja maji ya tangi kabla hujamlaumu mtu. Ukihisi chumvi ulimini, mtambo umeshatoa sababu.

Kisha fuata njia ya maji kutoka tangini. Chujio kwanza: likiwa limepita miezi sita au hujui lilibadilishwa lini, libadilishe. Nyuma ya mtambo kuna vali ya umeme yenye kichujio kidogo cha waya mdomoni. Funga maji, fungua, kitoe kwa koleo ndogo, kisugue kwa mswaki wa zamani. Nimekuta humo mchanga, nyuzi za tepu nyeupe ya mafundi bomba, na mara moja kijiti cha ubani ambacho hadi leo sijui kilifikaje.

Halafu presha. Vali hizi zinahitaji angalau bar 1.4, na hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui: presha ndiyo inayozifunga. Umeme hufungua, kisha umeme ukikatika, maji yenyewe husukuma kiwambo cha mpira kikazibe tundu. Pampu ya boti ikiwa dhaifu, kiwambo hakikai sawasawa na vali hubaki ikidondosha tone moja moja. Tone halijazi kalibu. Tone huganda ndani ya kijibomba kinachoingiza maji, baada ya siku mbili kijibomba kimezibwa na barafu, na mtambo hauingii maji kabisa. Mabaharia hukimwagia maji ya moto, kinafunguka, wanashangilia, na baada ya siku mbili hadithi ni ileile.

"Shikamoo ami," nilimwambia nahodha mmoja mtu mzima aliyekuwa amefanya hivyo msimu mzima. "Hilo birika la moto ni dawa ya kichwa, na ugonjwa uko tumboni." Tulipima presha bombani: bar 0.9. Swichi ya pampu ilikuwa imeota kutu. Tukabadilisha swichi, tukabadilisha na vali kwa kuwa kiwambo chake kilikwisha kushika chokaa, na kijibomba hakijaganda tangu hapo. Ukibadilisha kimoja bila kingine utarudi.

Kujua kama vali inadondosha, vuta kijibomba, kilekeze kwenye gilasi kavu, acha maji yakiwa wazi na umeme umechomolewa kwa saa moja. Gilasi ibaki kavu.

Kiasi cha maji kipime mara moja na ukiandike kwenye mlango wa kabati kwa kalamu. Kalibu nyingi huchukua mililita 100 hadi 140 kwa mzunguko. Na kumbuka kuwa uko botini. Maji ambayo yangekaa vizuri nyumbani humwagika boti ikiyumba. Wakati wa Kusi, boti inayovuka mlango wa Shela kutoka bahari kuu haina haja ya kutengeneza barafu kwa nusu saa hiyo. Inua mkono wa waya uzime utengenezaji, vuka, uushushe ukifika maji matulivu. Boti ya tanga inayolala upande mmoja safari nzima ipunguziwe maji kwa kudumu, barafu itakuwa ndogo lakini itakuwa barafu.

Kalibu, mkono na hita

Kama baridi ipo na maji yanaingia lakini barafu haishuki, tazama kama kipande kimekwama chini ya vidole. Kiyeyushe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Bisibisi weka mbali. Kalibu imepakwa mng'aro usionata, na mkwaruzo mmoja ni mahali barafu itakaposhika kila siku.

Hita pima kwa mita, plagi ikiwa imechomolewa. Kanuni ni rahisi: zidisha volti kwa volti, gawa kwa wati. Hita ya volti 115 na wati 185 itasoma karibu omu 72. Ile ya volti 230 kwa wati hizohizo itasoma karibu 286. Mita ikionyesha omu zisizo na kikomo, hita imekatika. Hita haiuzwi sikuzote peke yake, hivyo uliza bei ya kalibu kamili kabla hujaanza kuifungua vipande vipande. Kwa maoni yangu kuinunua nzima ni nafuu ya akili.

Gesi

Umefika hapa na yote yaliyotangulia ni mazima. Sasa tazama, usiguse bado. Acha mtambo ufanye kazi saa mbili. Gesi ikiwa imepungua, baridi huonekana mwanzoni mwa bomba la ndani tu na kwingineko pakavu. Kompresa haipumziki, na kondensa ni ya uvuguvugu tu. Ikiwa kondensa inachoma mkono, rudi kwenye joto: huna upungufu wa gesi.

Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote, hasa pale shaba inapokutana na chuma au alumini, maana chumvi huanza kula hapo. Doa la mafuta lenye vumbi ni ushahidi mzuri kuliko povu. Mfumo huu ni wa kufungwa, hauli gesi kama injini inavyokula mafuta. Fundi anayekuambia "tuongeze tu kidogo" bila kutafuta tundu anakupangia safari ya pili.

Soma kibandiko ujue ni gesi gani. R134a haiwaki. R600a inawaka, ni nzito kuliko hewa, na ikivuja ndani ya boti hushuka ngamani, chini kabisa ya boti, ikajikusanya huko pamoja na mvuke wa petroli kama upo. Mtambo wa R600a haufunguliwi ndani ya kabini, na kandili ya kulehemu haiwashwi karibu yake. Upandishe gatini, mahali penye upepo. Na yeyote atakayeujaza, awe na mzani, pampu ya kunyonya hewa na kikaushio kipya. R600a huwekwa kwa makumi machache tu ya gramu, kukosea kwa gramu kumi ni kukosea sana. Asiye na mzani mwache avue samaki.

Baada ya matengenezo

Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hutoa chokaa kwenye kalibu ya plastiki na mabomba. Mtambo wa barafu angavu wenye bamba lililopakwa nikeli usiupe siki, tafuta dawa inayosema ni salama kwa nikeli, la sivyo mng'aro utabanduka na kuishia kwenye gilasi ya mgeni. Na usichanganye siki na jiki hata kidogo. Hutoa gesi ya klorini, na kabini ya boti ni ndogo.

Barafu ya mizunguko mitatu ya kwanza tupa baharini. Viungo vya waya vipake vaselini kidogo baada ya kuvisugua.

Boti inapopumzishwa miezi ya Kusi, mwaga maji yote ya vali na mpira, kausha kalibu kwa kitambaa, na uache mlango wazi kwa kukwamisha kipande cha boriti. Andika tarehe ya chujio kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango, upande ambao barafu haifiki.